Gesi Unayo Tayari: Kutunza Presha ya Pipa la Bia ya Nyumbani Bila Kumaliza Mfuko

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wenzetu wanaotengeneza bia nyumbani. Nimeiandika yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Ndugu zangu, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame meza hii. Pipa hili si langu. Ni la dada aliyekaa safu ya nyuma. Ameniambia kwamba kila bia anayoiweka humu inalala ndani ya siku tatu, haina gesi, haina povu, na amekwisha kata shauri la kununua pipa jipya. Nimemwomba anipe saa moja tu.

Natia nusu lita ya siki na lita moja ya maji. Nazungushia karatasi laini gramu 30 za bekingi soda, kama vijiko viwili vikubwa. Natumbukiza, nafunga kifuniko haraka. Mnasikia? Linachemka, gesi inajaa ndani. Ile karatasi ndiyo iliyonipa muda wa kufunga. Sasa nalipindua, kifuniko kinakuwa chini, nalisimamisha juu ya matofali mawili, na katikati ya matofali natandika kitambaa kikavu. Tuliache hapo. Tutalirudia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanye nini ili bia yangu ikae na gesi mpaka glasi ya mwisho, nami sina pesa za kuchezea? Jibu langu halijabadilika kwa miaka yote hii. Gesi unayo tayari. Hamira imekupa. Usiipoteze. Wengi wetu tunanunua gesi ili kufidia gesi tuliyoimwaga kwa mikono yetu wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1767 mhubiri mmoja Mwingereza, Joseph Priestley, alihamia mji wa Leeds akaishi jirani na kiwanda cha bia. Akavutiwa na ile hewa nzito inayotanda juu ya bia inapochacha, hewa ambayo ukiingiza mshumaa ndani yake unazimika. Akayaweka maji safi ndani ya hewa ile, na maji yakatoka yamechangamka, yanachoma ulimi kidogo. Mwaka 1772 akachapisha njia ya kutengeneza maji ya gesi. Nawasimulia habari hizi kwa nini? Kwa sababu Priestley aliona kitu tunachokisahau: duka la gesi ni pipa la bia lenyewe.

Hamira inapokula sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hugeuka pombe, na karibu nusu hugeuka kaboni dioksidi. Tupige hesabu pamoja. Gramu 80 za sukari ya kawaida zinatoa takriban gramu 40 za gesi. Kile kichupa kidogo cha chuma, cha gesi ya dukani, tunachokisokota juu ya vali iliyo katikati ya kifuniko kina gramu 8. Arobaini kwa nane ni ngapi? Tano! Sukari isiyofika nusu kikombe ni vichupa vitano vya gesi.

Nilikuwa na jirani, tuliishi ukuta kwa ukuta, aliyetengeneza bia nzuri kuliko yangu. Lakini alikuwa haweki sukari kwenye pipa. Mtu alimwambia kwamba sukari ya mwisho inaharibu ladha. Kwa hiyo alimimina bia iliyokwisha kuchacha, akafunga, akapiga kichupa, akakinga glasi. Imelala. Akapiga cha pili, imelala. Usiku ule vilikwenda vinne, nami nimesimama pale namtazama. Bia ilikuwa inatoka kwa kasi ya ajabu, lakini ndani yake hamna kitu. Mmelielewa kosa? Gesi ya kichupa ilikaa juu ya bia. Ilikuwa inaisukuma bia nje ya koki, haikuwa imeingia ndani yake. Gesi haizami kwenye bia papo hapo. Inataka siku kadhaa, na inataka baridi. Hamira, yenyewe, inaizalisha gesi ndani ya bia, chembe kwa chembe.

Awamu iliyofuata alitia gramu 80 kwa lita zake 20, akasubiri wiki tatu. Hakununua kichupa hata kimoja mpaka pipa lilipofika nusu. Na ladha haikuharibika, kwa sababu sukari kidogo namna hiyo inaliwa yote.

Kipimo basi ni gramu 4 kwa kila lita. Ichemshe na maji kidogo, ipoe, itangulie ndani ya pipa, halafu teremsha bia juu yake kwa mrija, taratibu, ncha ya mrija ikiwa chini kabisa ili bia isimeze hewa. Hakikisha bia imemaliza kuchacha kwanza: haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, ikupe namba ileile siku tatu mfululizo. Na usizidishe. Chupa nene ya kioo hupewa sukari zaidi ya hiyo, lakini pipa la plastiki lina vali ya usalama inayofunguka presha ikipanda. Ukiweka gramu 150, ziada yote itatokea pale juu, pshh, na sukari yako imekwenda hewani.

Liache wiki mbili mahali penye nyuzi 18 hadi 22, kisha lihamishe penye baridi. Kwa nini baridi? Mwaka 1803 mkemia Mwingereza William Henry alionyesha kwamba kadiri presha ya gesi juu ya kimiminika inavyoongezeka, ndivyo gesi inavyoyeyuka ndani yake. Joto nalo lina sauti yake. Katika presha ya kawaida ya hewa, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 hushika karibu gramu 1.7 za gesi hii. Katika nyuzi sifuri hushika karibu gramu 3.3, takriban maradufu. Sehemu ya baridi ni kama gesi ya bure. Sakafu badala ya rafu. Upande wa nyumba usiopigwa na jua. Taulo lililoloweshwa likizungushiwa pipa.

Hapa niwaonye kidogo, maana wengi hushtuka. Ukilihamishia pipa kwenye baridi, presha yake inashuka, na ukibonyeza ubavu wake unaona limelegea. Si lazima liwe linavuja. Gesi imezama kwenye bia, ndiko tunakotaka iwe.

Na utajuaje kama gesi imeshafika, bila kufungua koki kila siku kuonja? Siku ya kujaza pipa, jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda kwa bia hiyohiyo yenye sukari. Iweke kando ya pipa. Kila siku iminye. Ikiwa ngumu kama ilivyokuwa na soda yake, mambo yamekwenda sawa. Na ikiwa chupa imekuwa ngumu huku pipa limelegea, hamira haina kosa. Pipa linavuja.

Ndiyo, kuvuja. Hapa nataka tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zinapokwenda.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Tundu lisiloonekana kwa macho linamaliza gesi ya wiki tatu kwa siku mbili. Niliwahi kuwa na pipa lililonitesa miezi mitatu. Lilikuwa jipya. Nikabadilisha mpira wa kifuniko. Likavuja. Nikanunua mpira mnene zaidi. Likavuja. Nikachukua spana kubwa nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, likavuja zaidi! Nikapoteza bia tatu mfululizo, na mnajua bia moja ni kazi ya siku nzima na ngojangoja ya majuma. Nilikuwa nimelikatia tamaa kabisa. Jioni moja, nikiwa nalifuta tu, nikapitisha ukucha kuzunguka mdomo wake. Ukucha ukakwama. Nikarudia, ukakwama palepale. Palikuwa na mshono mwembamba kama unywele, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana kiwandani. Mpira ulikuwa unakaa juu ya kilima kidogo, na pembeni mwa kilima kile gesi inapita. Nikachukua msasa laini kabisa, nikasugua kwa dakika tano, kwa mkono mwepesi. Pipa lile ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo anza na ukucha. Siyo na spana, siyo na dukani. Ukucha kuzunguka mdomo, polepole, mizunguko miwili.

Halafu tazama mpira. Umenyauka? Una mikunjo? Umebanwa mpaka umekuwa bapa? Huo ndio wa kubadilisha, na ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye pipa. Upake mafuta ya silikoni yanayofaa kwa chakula, safu nyembamba tu. Najua wengi mnatumia vaselini, na inafanya kazi kwa muda, lakini mafuta ya petroli hulainisha na kuvimbisha mpira wa asili, na baada ya miezi mpira uliotaka kuutunza umeuharibu mwenyewe. Kifuniko kaza kwa mkono, basi. Ukikikaza kupita kiasi, mpira unajikunja na kutoka mahali pake. Ile spana yangu ndivyo ilivyofanya.

Vali nayo. Aina nyingi za vali hizi za shaba zina kamkanda kadogo ka mpira kanakozunguka shina, na kamkanda hako ndiko kanakoachia presha ikizidi. Kakichoka kanaachia hata presha ndogo. Watu wanatupa vali nzima kwa sababu ya kamkanda! Kavue, kaoshe, kakiwa kamepasuka weka kengine cha ukubwa uleule, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Tafadhali msikazibe wala kukakaza kwa waya ili presha isitoke. Kale ndiko kanakokulinda wewe na watoto wako. Pipa la plastiki limetengenezwa kwa presha ndogo. PSI 10 (PSI ni kipimo cha presha) ni nyingi kwake, wakati gurudumu la gari linajazwa hadi kama PSI 30.

Na jambo ambalo nalisema kila mwaka: usilioshe pipa la plastiki kwa maji yanayochemka. Mdomo unalainika, unapinda kidogo sana, na hakuna mpira utakaokubali kuzibia hapo tena. Maji ya uvuguvugu na dawa ya kutakasia vinatosha.

Tuje kwenye kukinga.

Mtu aliyenifundisha kukinga bia alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye alitengeneza bia kabla mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza nilipomtembelea alinipa glasi, akaniambia, "Fungua koki, mwanangu, na usikilize." Sikuelewa. Nikafungua, bia ikaja vizuri, ikapungua, ikawa nyembamba kama uzi. Nikaiacha koki wazi, nikingoja glasi ijae. Ghafla pipa likatoa sauti, gluk! Mama yule akaifunga koki kwa haraka kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akasema, "Umeliacha livute pumzi. Sasa bia hii tuimalize wiki hii."

Gluk ni nini? Bia inapotoka, nafasi iliyo juu yake inakua, na gesi iliyomo humo inatanuka na kudhoofika. Gesi mpya inatoka kwenye bia kuja kujaza nafasi, lakini polepole. Ukikinga kwa haraka kuliko inavyotoka, presha ya ndani inashuka mpaka chini ya presha ya chumba, na hapo hewa ya nje inaingia kupitia koki. Ile gluk ni hewa inayoingia. Na hewa ina oksijeni. Oksijeni inachakaza ladha, na inawaamsha bakteria wa siki, ambao bila hewa hawawezi kitu. Mnaona basi kwamba presha ya pipa ni ukuta wa bia pia. Gesi ikiwa inasukuma kutoka ndani, hakuna kinachoingia.

Kwa hiyo sikiliza, tazama. Mkondo ukiwa mwembamba, funga. Subiri saa chache, hata usiku mzima, gesi iliyomo kwenye bia ipande juu. Watu wengi wanapiga kichupa hapohapo, wakati pipa lilihitaji mapumziko tu! Kinga kidogo kila siku, usikinge glasi kumi jioni moja halafu ushangae. Kama una wageni wengi, hapo ndipo kichupa kinapokuwa na maana, na kipige kabla ya gluk, siyo baada yake.

Na likifika nusu, ukaona limechoka kabisa? Yule mama alikuwa na njia yake, nami nimeitumia mara nyingi. Chemsha gramu 30 za sukari na maji kidogo, zipoe kabisa, fungua kifuniko, mimina taratibu, funga. Hamira bado ipo mle, hai, imelala chini kwenye mashapo. Rudisha pipa penye joto kwa wiki moja. Utapata gramu 15 za gesi, karibu vichupa viwili. Bia itakuwa na ukungu siku mbili tatu kisha itatulia. Hewa kidogo inaingia unapofungua, na hamira inayoamka huimeza sehemu yake, kwa hiyo fanya haraka na usirudie zaidi ya mara moja.

Njia nyingine: kama unajua hunywi lita 20 kwa mwezi, weka nusu kwenye chupa, nusu kwenye pipa dogo. Pipa dogo lililojaa linatunza gesi kuliko pipa kubwa lenye nafasi tupu juu. Sitaki kukaa sana hapo, linajieleza.

Sasa, je, gesi ya kununua haifai? Inafaa. Lakini uijue hesabu yake. Ukitaka kulisukuma pipa la lita 20 lote kwa gesi ya nje, unahitaji gramu 40 hadi 50, yaani vichupa vitano au sita, hata kama pipa halivuji kabisa. Anayetengeneza mapipa matatu kwa mwaka, vichupa vinamtosha. Anayetengeneza kila mwezi, afikirie mtungi mkubwa uliokaguliwa na rejuleta yake, kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi inayotoka. Sisi tuliungana watu watano, tukanunua mtungi mmoja na rejuleta moja, unazunguka nyumba kwa nyumba. Gesi kwa gramu ikawa nafuu kabisa, na hakuna aliyeumia peke yake kwa gharama ya mwanzo. Lakini bila rejuleta, mtungi usiguse pipa. Katika joto la kawaida la chumba, gesi iliyomo kwenye mtungi ina presha inayozidi PSI 800, na pipa lako tumesema linaishia wapi? Mtungi usimame wima, ukae penye hewa inayopita, maana gesi hii ni nzito, inatuama chini kwenye chumba kilichofungwa, na mtu anaweza kukosa pumzi bila kujua kinachomtokea.

Mkinunua vichupa, someni maandishi. Kuna vichupa vya gramu 8 vya krimu vinavyofanana kabisa na vyetu, lakini ndani yake ni naitrasi oksidi. Siyo gesi yetu.

Jambo moja ambalo sitalilegeza hata mtu akisema hana uwezo. Bajeti ndogo isikufanye ufungie bia yenye gesi kwenye chombo ambacho hakikutengenezwa kwa presha. Siyo ndoo ya maji, siyo mtungi mkubwa wa kioo. Namjua mtu aliyefunga mtungi wa kioo wa lita tano kwa kizibo cha nguvu, akiamini bia imemaliza kuchacha. Ulipasuka usiku. Asubuhi walikuta vipande vya kioo vimejichoma kwenye mbao za mlango, upande wa pili wa chumba. Hakuna aliyekuwa mle ndani, Mungu alikuwa na huruma. Kama huna pipa la presha, chupa za plastiki za soda zinastahimili, na hazina gharama kwa sababu watu wanazitupa. Anza na hizo. Bia yako itakuwa na gesi vilevile.

Haya. Dada, njoo mbele. Na ninyi wa mbele, sogeeni mtazame. Limekaa hapa karibu saa nzima. Kwanza koki: napaka povu la sabuni kwa brashi kuizunguka, hapa na hapa. Hakuna mapovu. Koki ni nzima. Sasa shikeni pipa huko juu, liinueni taratibu, ninyanyue kitambaa.

Tazameni. Kama mpira wa kifuniko ungekuwa mbovu, au mdomo una mshono kama ule wangu, tungeona duara la maji pembezoni. Pembezoni ni pakavu kabisa. Kimelowa hapa katikati tu, doa la ukubwa wa sarafu. Chini ya vali. Dada, pipa lako halina ubaya wowote, liache dukani hilo jipya. Lipindueni, tulegeze kifuniko tuitoe presha, kisha niletee vali hiyo tuuvue ule mkanda tuone.